Kitale na Bungoma zote zinagawanyika kwa 11

Wasee, leo sina stori ya mapenzi wala siasa. Ni hesabu, na usinitoroke.

Juzi nilikuwa nimekaa kwa mat hapo stendi ya Kitale, haijai, nikaanza kuchezea nambari za sensa ya 2019. Trans Nzoia, watu 990,341. Bungoma, 1,670,570. Mimi ni wa kwote kuwili, kwa mathe Kitale, kwa kukhu Bungoma.

Kuna njia ya kujua kama nambari inagawanyika kwa 11 bila kikokotoo. Chukua tarakimu ya kwanza, toa ya pili, ongeza ya tatu, toa ya nne, hivyo hivyo mpaka mwisho. Ukipata 0, au kitu 11 inaingia, imekubali. Sababu ni kwamba 10 imepungukiwa na moja kufika 11, 100 imezidi 99 kwa moja, 1,000 imepungukiwa na moja kufika 1,001. Na hizo 11, 99 na 1,001 zote ni za familia ya 11.

Kitale: 9−9+0−3+4−1. Sufuri.

Bungoma: 1−6+7−0+5−7+0. Sufuri tena! Manze nilipiga kelele, konda akageuka.

Yaani Trans Nzoia ni timu 90,031 za mpira, Bungoma timu 151,870, na hakuna mtu amebaki benchi. (Hiyo 90,031 ni nambari tasa. Kuhakikisha ilinimaliza hadi Webuye.) Zote mbili kukubali ni bahati ya moja kwa 121. Bahati tu, najua.

Halafu nikajaribu Kenya nzima: 47,564,296. Inabaki 10. Tumekosa mtu mmoja timu ya mwisho ijae.

Hapo kelele iliisha, juu mimi huyo mmoja namjua.

Karani wa sensa alifika kwa kukhu na tableti yake, akauliza nani walilala hapo usiku wa Agosti 24. Kukhu akataja kila mtu, mimi nikiwemo. Hakutaja mtoto wa shangazi, wa wiki tatu, amelala chumba cha nyuma. Alikuwa ameshatuambia mtoto mchanga hahesabiwi, unamwitia mabaya. Nilikuwa na miaka 13. Shuleni tulifundishwa sensa ni ya madarasa na dawa. Nikaangalia sakafu.

Ningesema, Bungoma ingekuwa 1,670,571 na kubaki na mtu mmoja. Lakini Kenya ingekuwa 47,564,297, inaingia kwa 11 sawasawa. Nimerudia hiyo hesabu mara nyingi kuliko inavyohitaji.

Kukhu alituacha 2022. Yeye ako ndani ya ile 1,670,570. Kijana hayuko.

Nilipofika Bungoma nikamkuta uwanjani, vumbi hadi kwa masikio. Nikamwelezea yote, polepole, na vijiti chini. Akafikiria kidogo, akaniuliza kama hao kumi wako na golikipa.

Nikamwambia sijui.

"Basi ni mimi," akasema, akarudi kucheza.