Akina Mama na Chemchemi

Sisi walimu tumezoea kuwaonya wengine; leo twataka kuungama kosa letu. Miaka michache iliyopita, baraza la shule yetu lilikata shauri kuiangusha miti iliyoizunguka chemchemi ya kijiji, tupate mbao za madawati. Akina mama walikuja kutusihi tuiache. Tukawajibu, "Mama zetu, kazi yenu ni kuteka maji, mambo ya mbao tuachieni sisi." Madawati tuliyapata, lakini sasa, wakati wa kiangazi, mama hao huenda mbali kutafuta maji pamoja na binti zao, na madawati ya binti hao hukaa matupu hata saa nne.

Ndipo tulipozifikiri habari za Bibi Wangari Maathai, aliyezaliwa Nyeri, Kenya, mwaka 1940. Utotoni mama yake alimkataza kuokota kuni za mugumo uliokuwa karibu na kijito. Aliporudi kutoka masomoni Marekani, aliukuta mti umekatwa na kijito kimekauka. Tarehe 5 Juni 1977, yeye na wenzake wa Baraza la Taifa la Wanawake walipanda miti saba mjini Nairobi. Mabwana misitu walidhani kazi ile yataka wenye vyeti. Lakini akina mama wa vijijini walikusanya mbegu, wakaotesha miche, wakalipwa fedha kidogo kwa kila mche ulioshika. Miti yao imepita milioni 50.

Wala hawakukoma penye jembe. Mwaka 1989 Bibi Wangari alipinga jumba la orofa 60 lisijengwe katika bustani ya Uhuru, na halikujengwa. Mwaka 1999 alipigwa hata kutoka damu kwa kuutetea msitu wa Karura, msitu ungalipo. Mwaka 2002 alichaguliwa kuingia Bungeni, na mwaka 2004 akapewa Tuzo ya Nobel ya Amani. Alipofariki mwaka 2011, jeneza lake halikuwa la mbao, kama alivyoagiza.

Ndugu wasomaji, abebaye mtungi ndiye atambuaye kwanza kwamba maji yapungua. Basi imefaaje kumweka nje ya baraza? Mungu alimpa mwanadamu bustani aiangalie, wala hakusema mwanamume peke yake.

Mwezi uliopita tuliwaendea mama wale, tukawaomba radhi na kuwakaribisha barazani. Hawakutukemea. Mmoja wao aliuliza tu, "Walimu, miche iko wapi?"

Twaitafuta, kabla ya mvua.