Inkisari ya Chuma

Katika elimu ya ushairi wetu liko jambo ambalo kila mtunzi hulitenda hata kama hajui jina lake: inkisari. Ni ile ruhusa ya kulipunguza neno ili mizani itimie. ‘Nimeona’ likawa ‘meona’, silabi moja ikaanguka na mshororo ukakaa sawa. Ruhusa hii ni kongwe na ina heshima yake, lakini haikutolewa ovyo. Anayeitumia hutakiwa ajue ni kipi akiondoacho, na kile kinachobaki kitaubeba vipi mzigo uliokuwa ukibebwa na kitu kizima. Asiyejua hilo hukata tu, kisha alichokikata akakiita shairi, ilhali wenye masikio wamekwishalitambua kuwa ni guni kabla ukwapi haujakutana na utao.

Naomba ruhusa ya wasomaji wa kurasa hizi nilichukue neno hili na kuingia nalo mahali ambapo washairi hatuzoei kuonekana, nako ni gereji. Mpwa wangu ni kinyozi. Kwa akiba ya miaka 5 alinunua Toyota Mark II, ile ambayo madereva wa huku huiita GX 100, iliyokwisha kutumika Japani kabla ya kuvuka bahari na kutufikia. Hakuwa nayo mwezi mmoja ila alianza kusema kwamba gari limekaa juu mno, na kwamba litapendeza likishushwa. Nilikwenda naye kwa fundi kwa sababu nilitaka kujua maana ya neno hilo. Maneno ya mafundi ni sehemu ya lugha, na mfasiri asiyeingia karakana atakuja kuadhirika siku moja mbele ya sentensi nyepesi kabisa.

Kushusha gari ni kuipunguza nafasi iliyoko baina ya tairi na bodi, ili gari likae karibu na ardhi. Sitaficha kwamba nimeuona uzuri wake. Gari lililoshushwa kwa ustadi lina utulivu fulani, kama mtu aliyekwisha kaa kitako barazani na hana haraka ya kuinuka. Kijana anayeupenda uzuri huo hana kosa, na wala sikubaliani na wazee wenzangu wanaouita upuuzi. Anayepima kwa jicho nafasi ya vidole viwili juu ya tairi ana mizani yake, na mimi ninayehesabu silabi kwa vidole sina haki ya kumcheka.

Fundi alimpa njia mbili. Ya kwanza ni kuzitoa springi za gari lenyewe, yaani ule waya mnene wa chuma cha pua uliosokotwa mviringo juu ya mviringo, na kuzikata mizunguko miwili mmoja mmoja, kisha kuzirudisha. Kazi ya asubuhi moja, na malipo yake hayazidi kipato cha kinyozi cha siku 2. Njia ya pili ni kununua springi nyingine, fupi, zilizoundwa makusudi kwa ajili ya gari hilo likae chini. Hizo huagizwa, na bei yake ilizidi mapato yake ya miezi 2. Mpwa wangu hakuhitaji kufikiri. Mimi ndiye niliyeomba tufikiri, na sababu yangu haikuwa ya kishairi. Gari hilo hilo ndilo linalomchukua mama yake, ambaye ni dada yangu, kutoka Makunduchi hadi hospitali mjini kwa matibabu ya mgongo. Kila tuta lililoko njiani humpitia yeye uti wa mgongo kabla halijampitia mtu mwingine.

Hapa inafaa tuitazame springi yenyewe. Mwingereza Robert Hooke, aliyeichunguza tabia yake katika karne ya 17, alitenda jambo ambalo washairi watalipenda. Mwaka 1676 aliitangaza kanuni yake kwa fumbo: aliyachukua maneno ya Kilatini aliyoielezea, akazipanga herufi zake 14 kwa mfuatano wa alfabeti, akazichapisha hivyo hivyo zisisomeke. Miaka miwili baadaye, mwaka 1678, alilifumbua fumbo lake mwenyewe: kadiri springi inavyovutwa au kugandamizwa, ndivyo nguvu yake ya kurudi inavyoongezeka, kwa uwiano ule ule. Kanuni hii mpaka leo inaitwa kwa jina lake, na kila gari lipitalo Darajani linaitii.

Kutokana na kanuni hiyo linazuka jambo ambalo jicho halilioni. Tuchukue springi yenye mizunguko 8 inayofanya kazi, idadi ambayo watunzi wa tenzi hatuhitaji kutambulishwa kwayo. Gari likikanyaga tuta, kila mzunguko hujipinda kidogo, na jumla ya vidogo hivyo vinane ndiyo ulaini anaouhisi abiria. Ukiiondoa mizunguko 2, ile 6 iliyobaki itajipinda kila mmoja kama ilivyokuwa ikijipinda mwanzo, si zaidi, kwa mzigo ule ule. Basi jumla ya kujipinda imepungua kwa robo, na ugumu wa springi umepanda kwa theluthi nzima. Mkataji hudhani amepunguza, kumbe ameongeza. Chuma kilichofupishwa hakiwi dhaifu. Kinakuwa kigumu, na ugumu huo hulipwa na aliyeketi juu yake.

Mambo hayaishii hapo. Pembeni ya springi iko shokapu, ambayo kazi yake ni kuituliza springi isidundedunde baada ya kila shimo. Shokapu hiyo ilipimiwa springi ya awali. Ugumu ukipanda kwa theluthi, mdundo wa gari huwa wa haraka zaidi kwa takriban asilimia 15, na shokapu iliyozoea mwendo mmoja inatakiwa iongoze mwingine, kama mpiga dumbak aliyebadilishiwa wimbo katikati ya taarab. Tena gari limeshuka, hivyo nafasi ya shokapu kujifinya imekuwa fupi, na penye shimo kubwa gari hugonga ile raba ya mwisho iliyowekwa kuzuia chuma kisikutane na chuma. Hapo ulaini umekwisha kabisa. Ni pigo tu.

Iko hatari nyingine iliyo mbaya kuliko hiyo. Springi hukaa kwenye kikalio chake, na ncha yake iliviringwa kiwandani ilingane na kikalio hicho. Ncha iliyokatwa huenda isikae. Na gurudumu likiningʼinia, kama pale gari linapoinuliwa kwa jeki au linaporuka kutoka tuta kwa kasi, springi iliyofupishwa huweza kulegea mahali pake, na ikirudi, ikarudi upande. Na mafundi wengine hawakati, bali hupiga moto: huiwasha springi kwa gesi hadi iwe nyekundu, gari likazama lenyewe. Moto wa asetilini na oksijeni hupita nyuzi 3,000, ilhali chuma cha springi kilipata ustahimilivu wake kwa kupashwa na kupozwa kwa vipimo. Mahali palipopigwa moto hupoteza tabia hiyo, na springi huendelea kushuka siku baada ya siku bila ya kuulizwa, au ikavunjika. Kwetu sisi watu wa visiwani kuna la ziada: springi hupakwa rangi ya kuikinga na kutu, na pale palipokatwa chuma hubaki kitupu mbele ya hewa ya chumvi. Kutu ikishaanza kukila chuma kinachopindwa kila siku, kishimo kidogo hugeuka ufa.

Sasa insafu. Springi za kununua nazo ni ngumu kuliko za awali, na muuzaji asemaye kwamba zitakuwa laini vile vile anauza maneno. Gari lililokaa chini lina nafasi ndogo ya kushuka, kwa hiyo lazima springi yake ikaze zaidi ili raba isigongwe. Tofauti ni kwamba ugumu huo ulikusudiwa. Muundaji ana mambo matatu mkononi: unene wa waya, upana wa mviringo na idadi ya mizunguko. Mkataji ana moja tu. Na jambo ambalo mkataji hana ndilo lenye nguvu kuliko yote, kwani unene wa waya ukiongezwa kwa asilimia 10, ugumu hupanda kwa takriban asilimia 46. Muundaji huweza pia kuibananisha mizunguko ya upande mmoja, ili springi ianze kwa ulaini na ikaze kadiri mzigo unavyozidi, na akauacha urefu unaotosha kuishika springi kikalioni hata gurudumu likiningʼinia. Naam, usione vyaelea, vimeundwa. Lakini nazo huuliza shokapu iliyo sawa nazo, na baada yake magurudumu yapangwe upya kwa alaimenti.

Niliyasema haya yote kwa mpwa wangu, naye alinisikiliza kwa adabu mpaka mwisho. Kisha akanijibu kwa jambo ambalo sijaacha kulifikiri.

“Mjomba,” alisema, “kwa hesabu hiyo, mwenye pesa hushusha kwa kununua na asiye nazo hukaa juu. Kwani uzuri nao una daraja?”

Akanionesha kwenye simu yake picha za magari ya Los Angeles, Marekani, yaliyolala chini yakimetameta kama vyombo vya fedha. Na historia ya magari hayo, kwa kweli, inamuunga mkono. Vijana wenye asili ya Mexico walioanza kushusha magari huko baada ya Vita Vikuu vya Pili hawakuwa na springi za kuagiza. Walitia mifuko ya mchanga butini, kama nahodha atiavyo farumi. Walikata springi. Walizipiga moto. Walitaka waende chini na polepole, katika nchi ambayo magari yote yaliwahi mbele, nao kwa mwendo huo walisema kwamba wapo. Sheria ya California ya mwaka 1958 iliwakataza: sehemu yoyote ya gari lililobadilishwa isiwe chini kuliko ukingo wa chini wa rimu. Mwaka 1959 Ron Aguirre aliifungia Corvette yake pampu za mafuta zilizoweza kuishusha anapojionesha na kuinyanyua anapomwona askari. Marufuku hiyo iliishi miaka mingi. Ilifutwa kuanzia tarehe 1 Januari 2024. Hivyo katazo la wenye mamlaka lilizaa ufundi ambao fedha peke yake isingeuzaa.

Nami ni mtu wa namna hiyo. Sikusoma ushairi chuoni, wala sikufundishwa tafsiri darasani; nilijifunza kwa vitabu vya kuazima na kwa kukaa karibu na waliojua. Singeweza kumwambia kijana yeyote kwamba asiye na pesa hana haki ya uzuri. Nilichomwambia ni kwamba kujifunza mwenyewe si kukosa kipimo. Aguirre hakuwa na kiwanda, lakini alihesabu. Fundi anayekata kwa msumeno pasipo moto, anayejua ncha ipi inakatika na ipi haikatiki, anayeitazama springi gurudumu likiwa linaningʼinia, huyo si mharibifu, na wako mafundi wa magari ya mashindano wanaofanya hivyo. Fundi wetu nilimuuliza springi ile ina mizunguko mingapi. Hakujua. Aliinama akaanza kuihesabu mbele yetu, na hapo nikawa nimekwisha kupata jibu langu.

Katika kazi ya tafsiri mara nyingi mtu huombwa afupishe. Mchapishaji mmoja aliwahi kuniambia niondoe beti 2 katika kila beti 8 za utungo mrefu, kwa kuwa kurasa zilikuwa chache. Nilizisoma zile zilizobaki. Hazikuwa na kosa la vina wala la mizani, lakini kila ubeti ulikuwa umebebeshwa habari za jirani yake aliyeondoka, na msomaji alitupwa kutoka jambo hadi jambo bila ya kupumua. Nikaomba niutunge ufupisho upya, tangu ubeti wa kwanza, kwa kipimo cha kurasa zilizopo. Ilichukua miezi. Utungo mfupi uliotungwa ukiwa mfupi na utungo mrefu uliokatwa huweza kuwa na idadi moja ya beti, na bado mmoja ukambeba msomaji na mwingine ukamdundisha.

Mpwa wangu hakukata, na hakununua. Anaweka akiba. Bakuli la plastiki liko kwenye meza yake ya kazi chini ya kioo, na wateja wanaomjua hutia chenji zao humo wakimtania kwamba gari lake bado limesimama dede. Dada yangu hajui chochote katika habari hii. Anajua tu kwamba kijana wake hupunguza mwendo kila anapolikaribia tuta, na kwamba juma lililopita alifika hospitali akiwa ameshikwa na usingizi.