Shamba ni Lako, Maji ni ya Wote



Mimi ni bwana shamba. Kazi yangu ni kufundisha kilimo bora. Lakini nikifika kijijini, naulizwa habari za mipaka na maji kuliko habari za mbolea. Nami sishangai. Watu wenye ugomvi hawalimi vizuri.

Kiangazi kimoja, hapa Usangu, majirani wawili waligombana. Mmoja alilima vitunguu kando ya kijito. Alinunua pampu ya umeme wa jua, akavuta maji kutwa. Mfereji wa jirani yake wa chini ukakauka. Nyanya zake zikanyauka. Alipolalamika, alijibiwa hivi: "Shamba ni langu. Pampu ni yangu. Maji yanapita kwangu, basi nayo ni yangu."

Maneno mawili ya kwanza ni kweli. La tatu si kweli.

Sheria ya maji ya mwaka 2009 inasema kwamba maji yote ni mali ya umma. Maji ya mto, ya kijito, na hata yaliyo chini ya ardhi. Maji ya kunywa, kupika na kufua unachota bila kibali. Lakini ukitaka kuvuta maji ya mtoni kumwagilia shamba, omba kibali Bodi ya Maji ya Bonde. Sisi tuko Bonde la Rufiji. Tusisahau kwamba tangu miaka ya 1990 Mto Ruaha Mkuu hukauka wakati wa kiangazi huko chini. Wako watu na wanyama wanaoungoja.

Wale majirani walikutanishwa na jumuiya ya watumia maji. Wakapangiwa zamu. Mmoja humwagilia asubuhi, mwingine jioni. Mwenye pampu akaelekezwa kuomba kibali. Mwaka ule wote wawili walivuna.

Na shamba je? Sheria ya Ardhi ya Vijiji, namba 5 ya mwaka 1999, inalinda haki yako ya kimila. Haki hiyo ina nguvu sawa na ya mwenye hati mjini. Hata hivyo, maandishi huzuia ugomvi. Fanya hivi:

Omba hati ya haki miliki ya kimila kwa Halmashauri ya Kijiji.

Onyesha mipaka yako mbele ya majirani.

Kama shamba ni la mume na mke, majina yote mawili yaandikwe.

Mila inayomnyima mwanamke ardhi haina nguvu mbele ya sheria hiyo. Mama mjane asikubali kufukuzwa shambani kwa sababu tu ni mwanamke.

Mpaka ukileta ugomvi, nendeni Baraza la Ardhi la Kijiji. Lina wajumbe saba, na watatu kati yao ni wanawake. Kazi yake ni kupatanisha. Msishike mapanga.

Ndugu msomaji, msomee habari hii jirani yako asiyejua kusoma. Naye ana shamba, naye anakunywa maji.