Misigiri: Njia Panda ya Wanaotafuta Asili

Msafiri atokaye Singida mjini kwenda Nzega hufika Misigiri, katika Wilaya ya Iramba, na hapo hukuta njia imegawanyika. Barabara kuu huendelea magharibi, ikateremka mlima wa Sekenke hadi mbuga ya Wembere. Nyingine hukata kaskazini kwenda Kiomboi, makao makuu ya wilaya. Kwa mjukuu wa Mnyiramba aliyezaliwa mbali, awe wa Tanga ambako babu yake alifuata kazi ya mkonge, au wa Nairobi, au wa Ulaya, hapa ndipo pa kushuka na kujiuliza: nianzie wapi?

Masimulizi ya Wanyiramba na ya jirani zao Waisanzu hueleza kwamba wahenga wao walitoka kisiwa cha Ukerewe. Lugha hutoa ushahidi mwingine, kwani Kinyiramba kina udugu wa karibu zaidi na Kisukuma na Kinyamwezi kuliko Kikerewe. Si lazima mmoja wa mashahidi hao awe mwongo. Ukoo huweza kuhama na chimbuko lake, kisha ukashika lugha ya waliowapokea. Wahadzabe wa bonde la Eyasi nao walichanganyika na Waisanzu kwa kuoana. Kwa hiyo anayemtafuta babu asitosheke na kabila, atafute ukoo.

Hapo ndipo wengi hupotea. Waisanzu, ambao nchi yao tangu mwaka 2012 imo katika Wilaya ya Mkalama, huhesabu ukoo kwa upande wa mama. Mgeni aliyeshika jina la baba peke yake, kama lilivyoandikwa katika pasi yake, aweza kupita mlangoni pa nduguze wasitambuane. Na aje na jina la bibi mzaa mama, na la mjomba wa mama yake.

Karatasi zipo, ila ni chache. Kanisa la Augustana, la Walutheri wa Marekani, lilianza kazi Iramba katika miaka ya 1920, na daftari za ubatizo zikaanza kuhifadhi majina. Kanisa hilo lenyewe lilikuwa limeundwa mwaka 1860 na wahamiaji kutoka Skandinavia. Waandishi wa majina ya wenyeji wetu, basi, walitoka katika kanisa la watu waliokwisha kuacha kwao.

Wala karatasi si ngome. Huko Ayalandi, njaa kuu iliyoanza mwaka 1845 iliua watu wapatao milioni moja, na wengine zaidi ya milioni moja wakahama, wengi wao wakienda Marekani. Vizazi vyao virudipo kuuliza asili hukuta kwamba Jumba la Kumbukumbu la Dublin liliungua Juni 1922, katika vita vya wenyewe kwa wenyewe, likateketea pamoja na hesabu nyingi za watu za karne ya 19. Hubaki kutegemea vitabu vya parokia, mawe ya makaburi na simulizi za majirani.

Kwetu hakukuwa na moto. Operesheni ya Vijiji ya miaka ya 1970 ilihamisha kaya na kuzikusanya pamoja, na makaburi yakabaki katika mahame. Ua wa minyaa unaoendelea kumea porini pasipo nyumba, au jiwe la kusagia lililolika katikati, ni hati kamili ya ukoo. Lakini hati hiyo haisomwi na kila mtu. Msomaji wake ni mzee aliyewajua waliosaga juu ya jiwe lile. Siku anapozikwa, hame hugeuka kichaka kama vichaka vingine.

Wahenga walisema kwamba mwacha asili ni mtumwa. Usemi huo huelekezwa kwa waliohama, lakini unawahusu pia waliobaki, kwa kuwa aliye mbali hana wa kumuuliza ila wao. Kijana wa Misigiri ambaye babu au bibi yake angali hai hana haja ya kungoja mgeni. Achukue daftari na kalamu, afuatane na mzee hadi kwenye mahame, aulize nani alikaa wapi na nani amelala wapi, kisha aandike majina yote, akianza na ya kina mama.