Pembe Nane

Kibwezi, Jumamosi 1 Oktoba 2022

Katekista amepiga simu tena. Piano yao iko ukumbini, upande wa Mutomo, tangu enzi za mapadre wa Ireland, na kwaya inaitaka kabla ya Krismasi. Nikamwambia mimi ni mwalimu mstaafu wa muziki, kutyuni nilijifunza kwa kuibia macho tu. Akasema, "Mwalimu, kutoka huku hadi Athi hakuna anayejua hata hicho cha kuibia." Nimekubali.

Tatizo ni kifaa. Mpini wangu wa kukazia pini nilimwazima mtu wa Nairobi miaka mitatu iliyopita. Nimeacha kumuulizia, maana kila nikiuliza ananisalimia sana.

Jumanne 4 Oktoba

Asubuhi kwa mafundi wa jua kali nyuma ya steji. Nimewachorea vumbini: kichwa cha pini ya piano ni cha mraba, tena si mraba ulionyooka, kinapungua kadiri kinavyopanda. Upana wake haufiki milimita 7. Kijana akaleta spana namba 7. Hiyo ingeshika pande mbili na kula kona, na pini ikishaliwa kona ni kilio. Tukaenda kwa soketi. Ya pembe 6 haishiki mraba, hesabu yenyewe inakataa. Ya pembe 12 inashika, ila kwa ncha za kucha. Ndipo mzee mmoja wa pampu za maji akafungua mkebe wake wa misumari, akatoa soketi ndogo nyeusi ya pembe 8. Huitumia kwa vizibo vya mabomba vyenye vichwa vya mraba.

"Nakuazima, sikuuzii," kasema.

Kijana akachonga ncha ya nondo ikaingia nyuma ya soketi, akaikunja pembeni, akavika mpira wa tyubu mahali pa kushika. Shilingi 150 na chai. Ni mbaya kwa sura, lakini mkononi imekaa.

Mutomo, Jumamosi 8 Oktoba

Misimu minne ya mvua imepita hivi hivi. Tulipovuka Athi maji yalikuwepo, lakini kutoka hapo hadi Ikutha na kuendelea kila kijito ni mchanga mtupu, na akina mama wamechimba visima humo humo mchangani.

Piano nimeifungua bila bisibisi. Kifuniko cha juu kinainuliwa, ubao wa mbele unashikwa na vishikizo viwili vya mbao, ubao wa chini unaachia ukisukuma springi moja. Aliyeibuni alijua itafunguliwa na watu kama mimi. Jina la kiwanda limefutika, limebaki neno London. Vibao vya kupigia ni 85, si 88, ndivyo nyingi za zamani zilivyokuwa. Nondo wamekula felti ya nyundo za juu (nondo mmoja wa chuma mkononi mwangu, mamia wa mabawa ndani ya piano). Panya wamezaa chini ya kanyagio. Mchwa wamepanda kwa mguu wa kushoto na bado wako safarini.

Nimeanza na la ya 440, kwa uma wa kutyunia. Kwaya za huku zimelelewa na solfa, na kwenye solfa do huhama kila wimbo. Nilipomwambia kijana wa besi, "Niimbie la," akaniuliza, "La ya wapi, Mwalimu?" Swali zuri. Hiyo ya piano yenyewe ilikuwa chini ya uma karibu nusu toni.

Kila noti ya katikati ina nyuzi tatu. Nimebana mbili kwa vipande vya slipa kuukuu, nikatia soketi kwenye pini ya ule mmoja uliobaki. Hii si kazi ya boliti. Kichwa cha pini hugeuka kabla ya mguu wake uliozama kwenye mbao, na ukiachia mapema, mguu hukirudisha kichwa kilikotoka. Unapanda juu kidogo ya sauti unayoitafuta, halafu unateremka taratibu mpaka pini nzima ikubaliane. Mwendo wote huo haufiki hatua moja ya mshale wa dakika kwenye saa. Kisha unafungulia uzi wa pili na kusikiliza zikigombana: wa-wa-wa ya haraka, halafu waa, waa, halafu sauti moja inyooke. Nilisahau jinsi ninavyoipenda dakika hiyo. Watoto walikuwa dirishani, nao wakanyamaza.

Soketi ilishika vizuri. Pini ya saba haikushika. Iligeuka kama kijiko kwenye uji. Ya nane vilevile, ya kumi na moja vilevile. Ukame umekausha ubao unaoshika pini, matundu yamepanuka. Nilichomoa nne, nikavika matundu yake msasa mwembamba, nikazipigilia upya. Kufikia jioni nina oktava moja safi, na mgongo umekufa.

Jumapili 9 Oktoba

Nimeingia ukumbini kabla ya Misa. Oktava ya jana imeshuka usiku kucha, kila noti kwa kipimo chake. Kwa taa ya simu nimeona pia ufa kwenye ubao wa sauti, mrefu kama mkono wangu.

Katekista aliuliza kama tungoje mvua. Nikamwambia ukweli: mvua ikija mbao zitavimba, pini zitabana, ufa utajifunga, nami nitaonekana fundi. Februari kila kitu kitaachia tena. Ubao mpya wa pini haupatikani huku, na gharama yake ingewanunulia kinanda cha umeme na sola ya kukiendesha. Alikaa kimya kidogo, akasema, "Basi tuifungue yote. Mchwa wasije wakafika kwenye paa."

Kwaya imeimba bila piano, na imeimba vizuri mno. Kidogo nione wivu.

Alhamisi 20 Oktoba, Sikukuu ya Mashujaa

Vijana wanne, wote wakiwa nyumbani kwa sababu ya sikukuu. Mmoja alikuja na mkasi wa kukatia waya. Nimemnyang'anya.

Kukata nyuzi ndiyo njia ya haraka ya kuumiza mtu. Kila uzi unavuta kama kilo 70, na nyuzi zimepita 200, yaani karibu tani 15 zimesimama kimya ukutani mwa ukumbi wa kanisa. Ukikata upande mmoja, fremu inabaki ikivutwa upande mwingine, na chuma cha kumiminwa hakipindi, hupasuka. Na uzi uliokatwa hautazami jicho la nani. Kwa hiyo tumezunguka, soketi ile ile: kidogo tu kila pini, kutoka besi hadi nyuzi nyembamba, kisha tena kutoka mwanzo. Hapa soketi ya bomba haina upungufu wowote. Kutyuni kunataka mpini mwepesi na mgumu, huu wangu wa nondo unanesa kidogo. Kulegeza kunataka subira tu.

Mzunguko wa pili piano ilianza kuguna yenyewe, ndani kabisa, kama ng'ombe anayejilaza. Vijana walirudi nyuma. Mzunguko wa nne nyuzi zilikuwa zinaning'inia, tukazitoa kwa koleo. Zile nene za besi zimezungushiwa shaba, na habari za shaba hutembea haraka: marufuku ya vyuma chakavu iliyotangazwa Januari iliondolewa Mei, kwa hiyo mnunuzi alifika na mizani yake kabla hatujamaliza. Tumeuza shaba. Fremu hakuiweza, alikuja na pikipiki.

Chini ya vibao: pini za nywele, rozari iliyokatika, na senti 10 ya kikoloni, ile yenye tundu katikati.

Ijumaa 21 Oktoba

Nimelala vibaya. Jana nilipokuwa nikiinua vibao kimoja kimoja (kila kimoja kina namba yake iliyogongwa kwenye mbao, 1 hadi 85), niliona weupe wake una mstari mwembamba unaokatiza, pale vibao vyeusi vinapoanzia. Plastiki hubandikwa kipande kizima. Seluloidi pia. Vipande viwili, cha mbele kipana na cha nyuma chembamba, vyenye nyuzinyuzi za urefu ukivielekeza juani, hiyo ni pembe ya ndovu. Kijana alitaka kujaribu kwa sindano ya moto. Nikamkataza: ikiwa ni seluloidi itawaka, ikiwa ni pembe tumeiharibu.

Vibao vyeupe ni 50, kwa hiyo vipande vingekuwa 100. Saba vimebanduka na kupotea. Vipo 93, unene kama wa ukucha.

Kibao hakisemi kilitoka wapi. Lakini mtu hawezi kukaa Kitui na kipande cha pembe mkononi asimkumbuke Kivui wa Mwendwa. Huyo ndiye mfanyabiashara wa pembe aliyempokea mmisionari Krapf mwaka 1849, na ni katika safari hiyo ya Ukambani Krapf alipouona Mlima Kenya, 3 Desemba. Misafara ya Wakamba ilishusha pembe Mombasa, na pembe za pwani yetu zikakusanyika Unguja zikingoja meli. Nyingine zilifika Connecticut, Marekani, ambako miji miwili midogo, Deep River na Ivoryton, iliishi kwa kuzipasua ziwe vibao vya piano. Walizianika chini ya vioo ili jua lizifanye nyeupe. Jua! Si wangetuuliza.

Kivui aliuawa 1851, safarini kuelekea mto Tana. Sijui kwa nini naandika haya saa tisa usiku.

Kibwezi, Jumatano 26 Oktoba

Katekista alikuwa na rai yake: "Tuwashe moto tu, Mwalimu, kama 2016." Siku ile, 30 Aprili, zilichomwa tani 105 za pembe kwenye mbuga ya Nairobi. Zetu hazijai kofia. Lakini Sheria ya Wanyamapori ya 2013 haiulizi kofia, inauliza kibali, nasi hatuna.

Nimempigia afisa wa wanyamapori.

"Pembe ziko wapi?"

"Kwenye piano."

"Kwenye nini?"

"Piano. Kinanda."

Alikuwa mwungwana. Tuvihesabu, tuandike barua, vikae pale pale vilipo, na nisivuke navyo Athi. Atakuja mwenyewe.

Jumamosi 29 Oktoba

Nimerudisha soketi. Mzee aliifuta kwa kanga ya mafuta, akaichungulia ndani, pembe zote 8.

"Ilishika?"

"Ilishika, Mzee. Kilichoachia ni mbao."

Akaitupa mkebeni. Mpini wa nondo nimebaki nao, hauna mwenyewe.

Mutomo, Jumamosi 5 Novemba

Nimeleta barua. Vibao viko kabatini kwa Katekista, kwenye katoni ya sabuni, vimefungwa kwa kamba kumi kumi. Mbao za kabati la piano zimekuwa benchi mbili za watoto wa katekesi. Fundi amekata sehemu yote waliyopita mchwa.

Fremu imeegemezwa kwenye mkwaju, ikiwa na matundu yake yote, hakuna gari lililokuja kuichukua. Watoto wanaigonga kwa jiwe kuitana darasani. Nilijizuia, halafu nikatoa uma mfukoni nikasikiliza. Iko chini ya la, kidogo sana. Mkono wangu ukatafuta pini.