Kompyuta Nzito Nyumbani

Katika nyumba nyingi siku hizi imo kompyuta moja itumiwayo na watu wote: watoto kwa masomo yao, mama kwa hesabu za ushonaji wake, na baba kwa barua zake. Yetu ilikuwa nzito hata ikichukua dakika tisa tangu kuwashwa mpaka kukubali kazi. Fundi tuliyempelekea aliitazama kidogo, akasema, "Mzee, umri wake umekwisha. Nunua mpya." Bei aliyoitaja ilikuwa karibu sawa na ada ya binti yetu ya muhula uliokuwa ukija. Mama watoto akajibu neno moja tu: "Bwana, ada haiguswi."

Basi tukakaa na mashine hiyo jioni mbili, tukatafuta dawa ndani yake yenyewe, wala hatukununua programu yo yote. Twasema hivi kwa kusudi, kwani programu za intaneti zijisifuzo kuwa huharakisha kompyuta aghalabu huongeza mzigo, na baadhi yake huingiza virusi.

Yapasa kwanza kujua uzito watoka wapi. Kompyuta yetu yatumia Windows 11, mfumo uliotolewa Oktoba 2021, nao wataka kumbukumbu isiyopungua gigabaiti 4. Yetu inazo hizo 4 tu, haina akiba. Kumbukumbu ikijaa, mashine huhamishia kazi zake katika diski na kuzirudisha zinapohitajiwa. Na diski, hasa ile ya kuzunguka, ni ya polepole mno. Ni kama mpishi mwenye meza ndogo, ambaye kila akitaka kisu hana budi aende ghalani.

Tulibonyeza kwa pamoja vitufe vya Ctrl, Shift na Esc, kikafunguka kidirisha kionyeshacho kila programu inayofanya kazi na kiasi cha kumbukumbu iliyokishika. Humo mna orodha ya programu zijiwashazo zenyewe kila kompyuta iwashwapo. Tulikuta kumi na moja: ya simu za video, ya michezo ya watoto, hata ya printa tuliyokwisha kuigawa zamani. Hapana aliyeziita. Tukazizuia, ila ile ya ulinzi dhidi ya virusi, ambayo hatumshauri mtu ye yote aiguse. Kuzuia si kufuta. Programu hubaki pale pale, nayo hufunguka siku utakapoihitaji. Jambo hili peke yake lilifaa kuliko mengine yote.

Tukaondoa na mapambo ya skrini, yaani vivuli na madirisha yanayoteleza. Kisha, diski ikiwa imekaribia kujaa, tukafungua sehemu ya hifadhi katika mipangilio, ambayo hufuta mafaili ya muda na yale yaliyomo katika pipa la taka. Hapo mama watoto alitusimamisha: vipimo vya wateja wake vyote vilikuwa katika folda ya mafaili yaliyopakuliwa, nayo pia imo katika orodha ya vinavyoweza kufutwa. Tukaiacha.

Liko jambo liwapitalo wengi. Tangu Windows 8 ya mwaka 2012, katika kompyuta nyingi kuzima si kuzima kabisa: kiini cha mfumo huhifadhiwa katika diski ili kesho iwake upesi. Kwa hiyo mtu aweza kuzima kila usiku, na ulegevu wa jana ukaamka pamoja naye. Ni kuiwasha upya ndiko kuipako mwanzo mpya.

Dakika tisa zimekuwa tatu. Hazitapungua zaidi, maana diski yetu ni ya kuzunguka, na hapana mpangilio uwezao kuigeuza. Isiyozunguka tutainunua, nayo bei yake ni sehemu ndogo tu ya ile aliyoitaja fundi. Kwa sasa watoto wameamrishwa wasifungue zaidi ya kurasa tatu kwa mara moja, nao hunung'unika.