Mwalimu Aliyetufundisha Historia kwa Miguu

Mjukuu wa dada yangu yuko kidato cha nne. Jioni moja nilimkuta barazani akikariri sababu za Mkutano wa Berlin, kwa Kiingereza, moja baada ya nyingine, bila kukosea hata moja. Nikamwuliza, "Na Rumaliza unamjua?"

"Ni nani huyo, babu?"

Nikamweleza kwamba Muhammad bin Khalfan, maarufu kwa jina la Rumaliza, alikuwa mmoja wa waliokuwa na sauti katika Ujiji hii hii miaka ya 1880, wakati wakubwa wa Ulaya walipokaa Berlin kugawana bara. Akafungua daftari, akapekua kurasa, akalifunga. "Hayumo kwenye notisi."

Mtoto simlaumu. Anasoma alichopewa, na alichopewa anakijua. Ila jioni ile nilimkumbuka sana mwalimu wetu wa historia wa shule ya msingi, ambaye sasa ni marehemu. Kama angekuwepo, binti huyu asingefika umri huo bila kujua nani aliishi mtaani kwake kabla yake.

Mwanzoni mwa miaka ya 1970 masomo yote ya shule ya msingi yalikuwa yamekwisha hamia kwenye Kiswahili, lakini vitabu vilikuwa havijatufikia vya kutosha. Dawati zima tulisoma kitabu kimoja. Mwalimu hakukaa kuvisubiri. Aliokota mifuko mitupu ya saruji, akaipasua, akaikung'uta vumbi, akachora ramani ya Ziwa Tanganyika upande wa ndani: Ujiji huku, Uvira kule, Kalemie ng'ambo, Kasanga kusini kabisa. Alikuwa pia na kamba ndefu ya nyavu, aliyopewa na wavuvi, ameifunga fundo kwa kila miaka kumi. Aliivuta uwanjani toka mti hadi mti. Kila mmoja alitumwa nyumbani kuuliza babu yake alizaliwa wakati gani, na asubuhi yake akasimame kwenye fundo la babu yake. Wazee wengi hawakuwa na mwaka. Walikuwa na "kabla ya reli" au "Wabelgiji wameshaingia." Mwalimu alikubali majibu hayo yote, kisha akatufundisha kuyapatia mahali: reli ilifika Kigoma 1914, Wabelgiji wakaingia 1916. Hivyo ndivyo nilivyoelewa kwamba tarehe hutafutwa, na kwamba bibi yangu asiyejua kusoma naye ni shahidi wa historia.

Kwenye mnara wa Livingstone alitupeleka mara nyingi, wala si kwa ajili ya kumtukuza mzungu yeyote. Jiwe la pale limeandikwa tarehe 10 Novemba 1871, ndiyo siku ambayo Stanley alisema alikutana na Livingstone hapo. Hesabu za Livingstone mwenyewe zinaonyesha walikutana mwishoni mwa Oktoba. Mwalimu alitupa zote mbili akatuacha tubishane. Tulibishana mpaka kengele ikalia, na leo siku yenyewe sina haja nayo tena. Kilichonibakia ni maswali yaliyofuata. Nani alimlaki Stanley kabla hajamwona Livingstone? Susi na Chuma, wale wale ambao miaka miwili baadaye walikuwa mbele katika kuubeba mwili wa bwana wao hadi Bagamoyo. Katika msafara wa Stanley, nani alikuwa anaijua Ujiji tayari? Sidi Mubarak Bombay, aliyefika hapa na Burton na Speke mwaka 1858. Na umati uliokuja kushangaa ulikuwa watu gani? Hapo alinyamaza, akatuangalia sisi.

Kutoka mwembeni, pale kwenye mnara, tulishuka kwa miguu hadi majini. Ni mwendo kidogo, na mtoto yeyote hujiuliza kwa nini mji wa bandari ulijengwa mbali na bandari. Mwalimu alitueleza kwamba zamani hizo maji yalikuwa juu zaidi. Mto Lukuga, unaotoa maji ya ziwa upande wa Kongo, ulikuwa umeziba. Mwaka 1878 hivi maji yakavunja kizuizi, na katika miaka iliyofuata ziwa likashuka kwa mita kama kumi. Tulikuwa tumesimama juu ya nchi kavu ambako mababu zetu walipita na mitumbwi. Sijapata kuona kitabu kinachoweza kumwonyesha mtoto jambo hilo vizuri kuliko miguu yake mwenyewe.

Darasa lake jingine lilikuwa dukani. Mwenye duka alikuwa mzee wa Kiarabu aliyezaliwa hapa hapa, amevaa kofia iliyogeuka manjano, ameketi nyuma ya meza ndefu ya mbao. Harufu ya duka lile ninayo puani mpaka leo: mawese yaliyomwagikia sakafuni miaka nenda miaka rudi, mafuta ya taa ya karabai za wavuvi, magunia ya dagaa, na juu ya yote karafuu aliyotafuna mzee. Mwalimu alitupanga mlangoni, akamwomba mzee atutolee bidhaa moja moja. Chumvi ya Uvinza ikawekwa mezani. Chumvi hii, mwalimu akasema, imetoka kwenye chemchemi ambazo watu wamekuwa wakichemsha maji yake tangu zama ambazo hazina msafara wa pwani wala mzungu. Watu walitoka mbali kuifuata. Yakafuata mawese, kisha shanga. Akaeleza kuwa katika soko la Ujiji ya karne ya 19 shanga zilikuwa fedha, zikihesabiwa na kukataliwa zikivunjika. Kisha akamwuliza mzee, kwa adabu sana, "Na bidhaa ambayo hatuioni hapa, mzee wangu?"

Mzee alikaa kimya kwa muda. Akasema, "Watu."

Alituambia bila kuficha kwamba jamaa wa babu yake walinunua watu na kuuza watu, wengine wakivushwa ziwa kutoka Manyema, na wengine wakishikwa huku huku. Darasani mwetu walikuwamo Waha, Wamanyema, Wabwari, Wagoma, na watoto wa Kiarabu pia. Tulizoea kutukanana "mtumwa" kwenye mpira. Baada ya siku ile mwalimu alimwalika bibi mmoja wa Kimanyema aje shuleni. Akatusimulia jinsi mama yake alivyovushwa ziwa akiwa mtoto, na jinsi alivyokaa, akaolewa, akalima, akazaa watu wa Ujiji. Hakulia wala hakutaka tulie. Alitaka tujue. Tusi lile sikulisikia tena uwanjani kwetu.

Ninapoona leo jambo hili likipitwa kwa mistari mitatu ya "athari za biashara ya utumwa," nakasirika. Athari hizo zina majina, zina nyumba, zinaswali msikiti mmoja na sisi.

Liemba nayo tulikwenda kuitazama bandarini Kigoma. Meli iliundwa Papenburg, Ujerumani, ikafunguliwa vipande, ikaletwa kwa meli na kwa reli, ikaungwa hapa, ikaingia majini 1915. Wajerumani wenyewe wakaizamisha 1916 isitekwe. Waingereza wakaiibua 1924, na 1927 ikarudi kazini kwa jina jipya. Ukoloni, Vita vya Kwanza vya Dunia na kubadilishana mabwana, mwalimu alivifundisha vyote kwa kidole kimoja kilichoelekezwa kwenye meli.

Yaliyofuata ni mepesi kueleza. Madarasa yakafurika, na karatasi zikaadimika hata za mtihani. Historia ikaunganishwa na masomo mengine, ikatengwa, ikaunganishwa tena. Ikaja tuisheni, yakaja madesa, zikaja simu. Sekondari mtoto alisoma kwa Kiingereza asichokielewa, basi akakariri. Na maneno ya Kiswahili yalikuwepo: mfanyabiashara Tippu Tip alisimulia maisha yake kwa Kiswahili safi kabla hajafa Zanzibar mwaka 1905, naye alizijua njia za huku kuliko wageni wengi. Ni wanafunzi wangapi wa Kigoma wamewahi kusomewa japo ukurasa mmoja wa maneno yake?

Tangu 2024 wanaoanza kidato cha kwanza wana somo la Historia ya Tanzania na Maadili, tena kwa Kiswahili. Nimefurahi kwa dhati. Katika somo hilo, lugha iliyokuwa kikwazo imeondolewa. Lakini mtaala hauwezi kumtoa mtoto nje ya darasa. Mwalimu ndiye anayeweza.

Walimu wa Kigoma na Ujiji, nawaomba kipindi kimoja tu kila muhula kifanyike mwembeni, bandarini au sokoni. Hakigharimu basi wala projekta. Nanyi wazee wenzangu, mtoto akija na daftari msimwambie kwamba mambo hayo ni ya zamani. Waliomsikia kwa masikio yao mtu aliyevushwa kutoka Manyema wamebaki wachache, na hakuna kitabu kitakachoandikwa Dar es Salaam kitakachojaza nafasi yao. Semeni sasa, na watoto waandike.